Tusiue Udongo wa Vitalu Vyetu

Msimu wa mvua unapowadia hapa Burundi, wananchi hutoka siku ya Jumamosi kwa kazi za pamoja, majembe mabegani na miche mikononi, na kabla ya adhuhuri kilima kizima huwa kimekwisha kupandwa. Tangu mwaka 2018, ulipoanzishwa mpango wa kitaifa wa kuivika nchi miti uitwao Ewe Burundi Urambaye, jambo hilo limekuwa la kawaida katika kila tarafa. Ni kazi njema, wala hatuna nia ya kuipunguzia sifa. Lakini hesabu ipendwayo kutangazwa ni ile ya miche iliyopandwa. Ile ya miche iliyo hai baada ya kiangazi cha kwanza haipewi sauti kubwa kama hiyo. Apitaye vilimani mwezi wa Septemba hujionea mwenyewe mahali miche iliposimama na mahali palipobaki vijiti vikavu.

Yasemwa kwamba jua lilikuwa kali, au mbuzi waliingia, au mche ulipandwa mzizi umejikunja. Sababu hizo zote ni za kweli. Iko nyingine, hata hivyo, isiyoonekana kwa macho, nayo huanzia kitaluni miezi mingi kabla ya Jumamosi ile ya kupanda.

Mkulima akisikia neno kuvu hufikiria adui: kutu ya majani ya kahawa, kuoza kwa mizizi ya maharagwe, ukungu wa ghalani. Ana haki ya kufikiri hivyo. Lakini zipo kuvu nyingine ambazo huishi katika mizizi ya mimea kwa mapatano. Mmea huzipa sukari uliyoitengeneza kwa mwanga wa jua; kuvu nazo hutandaza nyuzi zake udongoni na kuuletea mmea maji na vyakula vya ardhini, hasa fosforasi. Mtaalamu wa Kijerumani, Albert Bernhard Frank, aliyekuwa ametumwa na serikali ya Prussia kutafuta namna ya kulima uyoga wa thamani uotao chini ya ardhi, ndiye aliyeupa umoja huo jina la mikoriza mwaka 1885, yaani kuvu na mzizi kwa Kiyunani. Wengi wa wakati wake hawakumsadiki. Leo inajulikana kuwa aina nyingi sana za mimea ya nchi kavu, yapata nne kwa kila tano, huishi hivyo.

Kwetu sisi jambo hili lina uzito wa pekee. Udongo mwekundu wa vilima vyetu vingi ni mchachu, na umejaa chuma na alumini ambavyo huikamata fosforasi na kuishikilia. Fosforasi ipo, lakini haiendi mbali. Mzizi ukishakula ile iliyo karibu nao, umbali wa milimita moja au mbili, hukaa na njaa katikati ya chakula. Uzi wa kuvu ni mwembamba kuliko hata nywele za mzizi. Hupenya mahali ambapo mzizi hauwezi kupita, na hufika sentimita kadhaa mbele yake. Mche wenye nyuzi hizo ni kama mtu aliyeongezewa mikono.

Wapandaji wa misitu walilijua jambo hili kwa kuumia. Misonobari ilipoletwa kutoka ng'ambo katika nchi nyingi za joto, mbegu ziliota vizuri, kisha miche ikageuka manjano na kudumaa, hata ikipewa maji na kivuli. Kisiwani Puerto Rico walihangaika hivyo kwa miaka mingi, mpaka katika miaka ya 1950 ulipoletwa udongo kidogo kutoka misitu ya misonobari ya Marekani na kuchanganywa vitaluni. Miche iliyoupata ikakua. Iliyoukosa ikabaki palepale. Katika nchi za Afrika pia mabwana misitu walizoea kubeba udongo kutoka shamba la zamani la misonobari hadi kitalu kipya.

Na wenzetu wa upande wa Rumonge, ambako bado kuna mabaki ya miyombo, hawahitaji kuambiwa na mgeni kwamba uyoga fulani huota chini ya miti fulani tu. Uyoga ule wanaouchuma ni tunda la kuvu iliyofungamana na mizizi ya mti. Ukiukata mti, uyoga nao hutoweka. (Bart Buyck aliandika kitabu kizima juu ya uyoga uliwao wa magharibi ya nchi yetu, akakiita Ubwoba, mwaka 1994, kingestahili kuwamo katika kila shule ya kilimo.)

Sasa tazama yatendekayo katika baadhi ya vitalu. Udongo huchomwa moto au kutiwa dawa ili kuua magonjwa, na hapo rafiki na adui hufa pamoja. Kisha miche hupewa mbolea ya chumvichumvi kwa wingi ili ipendeze siku ya kugawiwa. Mmea unaolishwa fosforasi kupita kiasi huacha kuikaribisha kuvu, kwa kuwa hauna haja nayo. Basi mche hutoka kitaluni ukiwa wa kijani na mnene, lakini ni yatima. Ukipandwa katika shamba lenye rutuba utazikuta kuvu huko na kufanya urafiki upya. Ukipandwa juu ya kilima kilichochunwa na mmomonyoko, ambako ndiko tunakotaka miti, kuvu ni chache, na kiangazi hakingoji. Miche ya migomba iliyozalishwa katika chupa za maabara imo katika hali hiyohiyo: huzaliwa safi kabisa, bila ugonjwa na bila rafiki.

Tusikimbilie, hata hivyo, kununua unga wa kuvu uliofungwa katika pakiti nzuri. Ndani ya pakiti hiyo kuna kiumbe hai, na kikilala miezi sita katika ghala lenye joto, kinachofika kwa mkulima ni vumbi. Unga wa namna hiyo usiruhusiwe kugawiwa kwa fedha za umma kabla ISABU haijaupima katika udongo wetu. Wala kuvu hizi si dawa ya kila mmea. Kabichi na lengalenga hazina desturi nazo. Hata mgrevilia, mti tunaoupenda sana, hutegemea zaidi mizizi yake yenyewe iliyosongamana kama brashi. Anayemwambia mkulima vinginevyo anataka fedha yake.

Njia iliyo rahisi haihitaji kiwanda. Kwa kahawa, migomba na miti mingi ya matunda, huchukuliwa udongo kidogo wenye mizizi myembamba kutoka chini ya mimea ya zamani yenye afya, ukachanganywa katika tuta lililotengwa, na juu yake ukapandwa mtama au mahindi. Mizizi ya nafaka huzilea kuvu hizo na kuzizidisha. Baada ya miezi mitatu au minne mashina hukatwa, tuta huachwa likauke, na mizizi hukatwakatwa pamoja na udongo wake. Konzi moja ya udongo huo chini ya mche katika kiriba yatosha. Kwa misonobari na mikaratusi huchukuliwa udongo wa chini ya miti ya jamii hiyo hiyo.

Wapo watakaosema kwamba udongo wa namna hiyo waweza kuleta minyoo ya mizizi na magonjwa. Hofu hiyo ina msingi, na ndiyo maana tuta la kuzalishia lapasa kukaguliwa na bwana shamba, na mizizi yenye uvimbe au uozo itupwe. Udongo wa msituni nao usichotwe kwa malori, maana tutakuwa tunaubomoa msitu mmoja ili kujenga mwingine.

Tungependa idara inayosimamia mazingira, OBPE, pamoja na ISABU, zianze na kitalu kimoja katika kila mkoa, nusu ya miche ikipewa udongo huo na nusu isipewe, kisha yote ihesabiwe kilimani mwezi wa Septemba na hesabu itangazwe, iwe nzuri au mbaya. Atakayepanda mtama wa tuta lake mvua za Oktoba zikianza atakuwa na udongo tayari mwezi wa Februari, kabla viriba vya msimu havijajazwa.