Zimwi hili halikujui

Mwambie fundi wa mitandao abadilishe toleo la seva yake ya majina, naye atakujibu: “Ya nini? Inafanya kazi, na kasoro zake nazijua. Zimwi likujualo halikuli likakwisha.” Imani hii imeenea, na ni ya hatari.

Seva ya majina hugeuza jina unaloandika, liwe la benki au la hospitali, kuwa anwani ya kompyuta. Ikidanganywa, mteja huandika jina sahihi kabisa akafikishwa kwa mwizi. Anayeumia ni mteja, wala si fundi aliyeng’ang’ania ya kale.

Tazama BIND, programu kongwe ya kazi hii. Januari 2001 ilitangazwa kwamba matoleo ya 4 na ya 8 yana mianya ya kumpitisha mvamizi. Toleo la 9, lililoandikwa upya na kutolewa mwaka 2000, halikuwa na mianya hiyo. Machi mwaka huohuo mnyoo wa kompyuta ulioitwa Lion, programu inayojisambaza yenyewe, ukaingia kwenye mashine za Linux kupitia mwanya wa toleo la 8. Kasoro zilijulikana, ndiyo, na aliyeunda mnyoo alikuwa miongoni mwa waliozijua.

Agosti 2007 shirika la ISC, watunzaji wa BIND, lilisitisha matunzo ya toleo la 8. Mwaka haujapita, Julai 2008, dunia ikasikia kwamba mtafiti wa usalama Dan Kaminsky amegundua njia ya kuzilisha seva majibu ya uongo. Swali ambalo seva huiuliza seva nyingine lililindwa na namba moja tu kati ya 65,536, na mshambuliaji aliweza kubahatisha tena na tena. Dawa ikawa kutoa kila swali kupitia mlango (port) usiotabirika. Wenye BIND 9 walipata kiraka. Waliobaki na toleo la 8 walikuta watunzaji wameshaondoka.

Wataniambia kipya nacho kina maradhi. Kweli. Mwaka 2015 ilibainika kwamba pakiti moja iliweza kuiangusha BIND 9, kwa kasoro iliyokaa humo tangu toleo la 9.1. Lakini tangazo lilikuja pamoja na kiraka. Na si kila kipya hudumu: BIND 10 iliachwa na ISC mwaka 2014. Kwa hiyo usiulize lipi jipya, uliza lipi lina mtu wa kuliziba leo usiku.

Najua hofu ya kuzima huduma. Basi kagua usanidi, ujaribu kwenye mashine ya pembeni, hamisha seva ya pili kwanza, uitazame, ndipo uiguse ya kwanza.

Methali haina kosa. Kosa ni kudhani inamhusu mvamizi huyu. Yeye hupita akibisha kila seva duniani akitafuta toleo lenye mwanya. Wewe hakujui. Anajua namba ya toleo lako tu, na hiyo inamtosha.