Tuwachagulie Wadogo Zetu Gemu kwa Uangalifu

Naomba nafasi kidogo katika gazeti letu la muhula huu nipate kusema machache juu ya jambo ambalo wengine wataliona dogo. Ni habari ya gemu za kwenye simu wanazochezeshwa watoto ambao bado hawajaanza darasa la kwanza. Najua wako watakaouliza, "Shule ya sekondari na michezo ya watoto wachanga, wapi na wapi?" Jibu langu ni hili: katika nyumba zetu nyingi, huku Karatu na kule Ngorongoro, wanaowachagulia watoto gemu si wazazi. Ni sisi. Likizo ikifika, mama hutukabidhi simu yake akasema, "Hebu mwekee mdogo wako kitu atulie, nina kazi." Nasi twaweka chochote chenye rangi na makelele, kisha twaenda zetu kucheza mpira.

Mimi mwenyewe nilifanya hivyo likizo ya Desemba iliyopita. Kwetu ni upande wa Oldeani, na mdogo wangu ana miaka minne na nusu. Nilimtafutia gemu ya kuhesabu, ya bure, yenye picha na nyimbo, yote kwa Kiingereza. Hazikupita wiki mbili akawa anataja namba za Kiingereza mpaka ishirini bila kukosea. Baba alifurahi mno. Kila mgeni aliyeingia kunywa chai, mtoto aliitwa asimame mbele yake ahesabu.

Siku moja bibi alikuwa jikoni. Akamwambia, "Mjukuu wangu, niletee vitunguu vitatu kutoka katika kile kikapu." Mtoto akaenda, akarudi amekumbatia vitunguu, sijui saba sijui nane, vingine vikimwanguka njiani. Bibi akasema, "Vitatu, baba." Akarudi tena, akaleta viwili. Basi bibi, ambaye hakusoma shule hata siku moja, akavipanga chini akamwonyesha kwa lugha yetu ya Kiiraqw: "Wak, tsar, tam." Kisha akanigeukia mimi akauliza, "Huyu mnayesema anajua kuhesabu, anahesabu nini?"

Swali hilo sikuweza kulijibu. Jioni ile nilikaa karibu na mdogo wangu, nikamtazama akicheza kwa mara ya kwanza tangu nilipompa mchezo ule, ndipo nikaona kosa langu. Gemu ile haikumtaka ahesabu kitu. Ilimwimbia namba, naye akaziimba kama kasuku. Alipotakiwa kuchagua jibu, aligusa huku na huku mpaka lile lililo sahihi likang'aa, akapigiwa makofi. Mchezo ambao mtu hawezi kushindwa hauwezi kumfundisha neno. Tena kila baada ya dakika chache lilitokea tangazo. Yeye, asiyejua kusoma, aliligusa vile vile, na bando la mama likaisha kabla ya wakati wake.

Sisemi hayo ili kuilaumu simu. Iko mifano mizuri hapa hapa Tanzania. Kuanzia mwishoni mwa 2017 hadi mwanzoni mwa 2019, katika vijiji 170 vya Mkoa wa Tanga, watoto karibu 3,000 walipewa vishikwambi vyenye masomo ya Kiswahili yaliyofanywa kwa namna ya michezo. Mashindano hayo ya shirika la XPRIZE yalifanyika kwa msaada wa Serikali yetu, UNESCO na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, na vituo vya nguvu ya jua viliwekwa vijijini vya kuchajia. Wengi wa watoto wale hawakuwa wamepata kwenda shule. Mwanzoni zaidi ya 9 katika kila 10 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15, idadi ya wasioweza ilikuwa imepungua kwa nusu. Mei 2019 washindi wawili, Kitkit School na onebillion, waligawana zawadi ya dola milioni 10.

Basi, mchezo mzuri waweza kufundisha. Lakini tuangalie vizuri: watoto wale wa Tanga walikuwa wakubwa kuliko wadogo zetu ninaowasema, na masomo yale yalitungwa kwa lugha wanayoisikia kila siku, yakapimwa muda mrefu. Hayakuokotwa tu kwa kuwa ni ya bure. Kwa hiyo, kabla hatujaweka gemu yoyote, nadhani yafaa tujiulize maswali manne.

Kwanza, je, mtoto aielewa lugha yake? Elimu ya awali katika shule za serikali hufundishwa kwa Kiswahili, kwa hiyo gemu ya Kiswahili humfungulia mtoto mlango wa darasa atakaloingia. Vipo vitu vilivyotungwa kwetu kwa ajili ya umri huo. Shirika la Ubongo la Dar es Salaam, lililoanzishwa 2013, lina katuni za Akili, mtoto wa kike wa miaka minne akaaye na wazazi wake chini ya Mlima Kilimanjaro. Hizo ni za kutazama zaidi kuliko kucheza, lakini mtoto wetu huuona humo mlima anaoujua na kuisikia lugha anayoijua.

Pili, je, mchezo unamngoja mtoto afikiri, au unamkimbiza? Mchezo mzuri hukaa kimya mpaka ajibu. Akikosea humwonyesha tena polepole.

Tatu, je, hauna matangazo, na waweza kuchezwa bila intaneti? Kama sivyo, mwenye kufaidika ni mwenye matangazo.

Nne, je, una mwisho? Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019 kwamba watoto walio chini ya miaka 2 wasiwekwe mbele ya kioo, na walio kati ya miaka 2 na 4 wasizidi saa moja kwa siku, na pungufu ya hapo ni bora zaidi. Mchezo unaomwita mtoto kila anapotaka kuondoka haufai.

Nilipomwonyesha maswali haya rafiki yangu wa bwenini, ambaye kwao ni upande wa Endulen katika Hifadhi ya Ngorongoro, alicheka. Akasema, "Ndugu yangu, wewe wasema Kiswahili kana kwamba ni lugha ya kila mtoto. Mdogo wangu anajua Kimaasai tu. Gemu ya Kiswahili kwake ni kama ile ya Kiingereza kwa mdogo wako. Tena simu yetu twaichaji dukani kwa kulipa. Mama hawezi kukubali chaji iishe kwa mchezo."

Maneno yake yalinifanya nifikiri upya. Nikamwuliza, "Sasa wadogo zenu huhesabu nini?" Akaniambia kwamba watoto wao hupanga mawe yakawa ng'ombe na vijiwe vikawa ndama, wakajenga na boma la vijiti, na ndama mmoja akikosekana humtafuta. Wazee nao hukaa kivulini wakicheza enkeshui, ambao ni jamaa ya bao, na watoto husimama nyuma yao wakitazama kete zinavyogawiwa. Nilitambua kwamba mtoto yule wa Endulen, asiyegusa simu, huenda alimpita mdogo wangu mwenye namba ishirini.

Kwa hiyo naongeza swali la tano, nalo ndilo kubwa kuliko yote: nani atakaa naye? Gemu, hata iwe njema namna gani, haiwezi kumweleza mtoto kwa Kiiraqw au Kimaasai kwamba namba hii aliyoiona kwenye kioo ni vitunguu vya bibi, ni ndama wa baba. Mtu aliye karibu ndiye awezaye. Asiyekuwa na simu asihuzunike, maana punje za mahindi, vizibo vya soda na mawe hazihitaji chaji. Na mwenye simu asidhani kwamba kwa kuiweka mkononi mwa mtoto amekwisha kumfundisha.

Nyumbani kwetu niliifuta ile gemu. Niliweka nyingine ya Kiswahili, ya polepole, tukacheza nusu saa kila jioni baada ya chakula, vizibo vikiwa juu ya mkeka. Kioo kikisema nne, yeye alitoa vizibo vinne. Baba hakupendezwa. Aliniuliza, "Mbona mtoto alifika ishirini, nawe umemrudisha kwenye sita?" Nilimjibu kwa adabu kwamba hii ni sita ya kweli. Alinyamaza. Lakini siku mbili kabla sijarudi shuleni alikuwa akitengeneza mlango wa zizi, akamwambia mtoto, "Niletee misumari mitano." Mtoto aliileta, akaiweka mmoja mmoja katika kiganja cha baba akihesabu. Baba aliitazama, kisha akasema, "Niletee mingine mitatu." Mlango ule haukuhitaji misumari minane.

Wazee wetu husema, asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Siku hizi ulimwengu umeingia katika mfuko wa mama mwenyewe, nasi wanafunzi ndio tunaoufungua. Nawaomba wazazi watuulize tumewawekea wadogo zetu nini. Nawaomba walimu watufundishe kuchagua. Na sisi, likizo ijayo, kabla ya kwenda mpirani, tukae nusu saa.