Tusiwazibie Watoto Uwanja

Kila nikifika Langoni, Lamu, huwatazama watoto wa chuoni wakicheza kibe na mpira mbele ya Msikiti wa Riyadha. Marehemu Habib Swaleh, aliyetoka Ngazija, alisomesha hapo hata wana wa watumwa na mafukara. Mchanga ule nao haubagui: mwana wa nahodha na wa mchukuzi huanguka pamoja.

Mji Mkongwe wa Lamu umo katika Urithi wa Dunia tangu 2001, na majumba yake yanatunzwa. Viwanja vya watoto je? Mwenye matofali huviona pengo la kuzibwa, na kijana asiye na pa kuchezea huzoea maskani za unga. Wazee wetu, jengeni madarasa, lakini uwanja uacheni.