MAGOFU HAYANA KADI YA CHAMA

Ndugu wanachama,

Nasikia baadhi yetu hawataki kwenda kupanda mikoko Kilwa Kisiwani kwa sababu kamati ya magofu ina watu wa chama kingine. Kwa maoni yangu tunakosea. Magofu yetu na ya Songo Mnara yaliingia Urithi wa Dunia 1981, yakawekwa kwenye orodha ya hatari 2004, yakatolewa 2014. Hiyo haikuwa kazi ya chama kimoja: serikali, wahisani na wanakijiji walishikana mikono. Wimbi likila ukuta wa Gereza haliulizi kadi. Wageni wasipokuja, nahodha na mama ntilie wanakosa wote, wetu na wao.

Twendeni, bila sare wala bendera. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Katibu wa Tawi