Mtoto anapokosolewa hadithi na mwenzake

Mtoto anarudi kutoka shule akiwa amenuna. Hadithi aliyoiandika wiki nzima, ya gari linalotumia nguvu ya jua peke yake, imejaa alama za kalamu. Si za mwalimu. Ni za mwanafunzi mwenzake, ambaye ameandika pembeni: “Ukurasa wa tatu gari linasafiri usiku wa manane. Nguvu linapata wapi?” Mtoto anataka kuichana.

Hapo wazazi wengi hukosea. Wapo wanaosema mwenzake ana wivu. Wapo wanaomwambia aachane na mambo ya kufikirika, ashike hesabu. Kauli zote mbili humfunga mtoto mdomo.

Anayetunga hadithi ya kisayansi huunda dunia yenye kanuni zake, na dunia hiyo imo kichwani mwake. Akiisoma kazi yake mwenyewe, huziba mapengo bila kujua. Mwenzake ana maneno ya kwenye karatasi tu, ndiyo maana pengo analiona yeye.

Octavia Butler alilijua hilo. Alizaliwa mwaka 1947 Pasadena, California. Baba yake alifariki yeye akiwa mdogo, na mama yake alifanya kazi za ndani kwenye nyumba za watu. Alikuwa binti mwenye haya nyingi, na kusoma kulimpa shida. Alipofika miaka 10 alimwomba mama yake mashine ya kuchapia, naye akamnunulia. Ndugu mmoja wa familia alimwambia kwamba mtu mweusi hawezi kuwa mwandishi. Hakuacha.

Mwaka 1970 alikwenda Pennsylvania kuhudhuria mafunzo ya wiki sita ya waandishi wa hadithi za kisayansi, yaliyoanzishwa miaka miwili kabla katika chuo cha Clarion. Wanafunzi hukaa duara, kila mmoja akiwa ameshaisoma hadithi ya mwenzao. Hupokezana kusema palipowavutia na palipowachanganya. Mwenye hadithi hatakiwi kujibu mpaka wote wamalize.

Kwa mtu mwenye haya, kukaa kimya huku kazi yake ikichambuliwa si jambo dogo. Lakini kimya hicho humlinda, kwa sababu asiyejitetea hupata nafasi ya kusikia. Wenzake nao wanatakiwa kuisema hadithi, si kumsema aliyeiandika.

Mwaka 1971 hadithi yake ilitoka katika kitabu cha kazi za mafunzo hayo. Mambo hayakunyooka mara moja. Ilipita miaka kama mitano bila kuuza hadithi nyingine, na riwaya yake ya kwanza ilitoka mwaka 1976. Mwaka 1995 akawa mwandishi wa kwanza wa hadithi za kisayansi kupewa tuzo ya MacArthur.

Mzazi anaweza kuutumia utaratibu huo sebuleni. Kwanza, amwache mtoto amalize hasira, kisha waisome hadithi pamoja. Amwonyeshe sehemu moja aliyoipenda na aseme kwa nini. Baada ya hapo amuulize, “Mwenzako alikwama wapi?” badala ya “Mwenzako amekosea nini?” Mtoto ndiye aamue akubali lipi na akatae lipi, kwa kuwa hadithi ni yake.

Zamu yake ya kusoma kazi ya mwenzake ikifika, afundishwe kwamba neno “mbaya” halimsaidii mtu. Aonyeshe mstari, aeleze alichokielewa, aulize swali. Mtoto aliyezoea kukosolewa kwa heshima nyumbani hatapata shida kufanya hivyo darasani.

Na lile gari? Mwandishi anaweza kulitilia betri. Au anaweza kuliacha likwame porini, abiria wakisubiri jua lichomoze huku kitu kikitembea gizani. Bila swali la mwenzake, usiku huo usingeandikwa.