Mwanamugimu: Lugha ya Mama na Afya ya Mtoto

Wahenga walinena kuwa mwana umleavyo ndivyo akuavyo. Aghalabu sisi wanafunzi wa Kiswahili huitumia methali hii katika insha za maadili, ilhali malezi huanzia kwenye afya: ziwa la mama, uji na chanjo. Makala haya yanashikilia kwamba daktari wa watoto hawezi kufaulu bila lugha ya mama, na kwamba tuliobobea katika lugha tuna wajibu wa kumsaidia.

Mfano upo hapa Afrika Mashariki. Kuanzia mwaka wa 1959 hadi 1966, Profesa Derrick Jelliffe, daktari wa watoto kutoka Uingereza, alifundisha Chuo Kikuu cha Makerere. Katika hospitali ya Mulago, watoto wenye utapiamlo walitibiwa, wakapona, wakarudi nyumbani, kisha baadhi yao wakaletwa tena na maradhi yale yale. Mwaka wa 1965 kikaanzishwa kituo cha lishe ambamo mama alikaa na mwanawe na kujifunza kupika kitobero, yaani mseto wa vyakula vya shambani mwake. Kituo kiliitwa Mwanamugimu, jina litokanalo na methali ya Kiganda isemayo kuwa mtoto mwenye siha hutokana na mbeleko. Mama Mganda hakuhitaji mkalimani. Baadaye Jelliffe na mkewe, Patrice, walitetea kunyonyesha dhidi ya biashara ya maziwa ya kopo, na kitabu chao kuhusu maziwa ya mama kikatoka mwaka wa 1978.

Tutazame sasa Taita Taveta. Mama anayeteremka Voi kutoka milima ya Sagala au Dawida anakijua kimanga, chakula cha kupondwa chenye muhogo au viazi pamoja na maharagwe. Akiambiwa ampe mtoto protini, huenda akaitikia kwa heshima tu. Akiambiwa azidishe maharagwe katika kimanga cha mtoto aliyetimiza miezi sita, atajua la kufanya.

Hata hivyo, neno la kienyeji laweza pia kupotosha. Kichomi hutaja maumivu ya kuchoma kifuani, lakini mtoto mchanga hawezi kusema kwamba anachomwa. Dalili yake ni kupumua upesi: mara 50 au zaidi kwa dakika akiwa na miezi 2 hadi 11, na mara 40 au zaidi akiwa na mwaka mmoja hadi mitano. Degedege nalo lina mzigo wake. Utafiti wa Bagamoyo uliochapishwa mwaka wa 1996 ulionyesha kuwa wazazi walilihusisha na shetani, hivyo wakaanzia kwa mganga, ilhali malaria kali haimsubiri mtoto. Anayetafsiri bila kuijua historia ya maneno haya anaweza kuhatarisha maisha.

Wapo watakaosema kuwa kwa mama Mtaita au Mtaveta, hata Kiswahili ni lugha ya pili. Hoja hiyo ina uzito, nayo inatuongezea kazi badala ya kutupunguzia. Yatupasa kuanza na Kidawida, Kisagala na Kitaveta, tukusanye majina ya maradhi na vyakula, tuulize kila jina linabeba imani gani, kisha tuandike Kiswahili kinachokubalika kwa mama na kuidhinishwa na daktari.

Ibara ya 53 ya Katiba ya Kenya ya mwaka wa 2010 inampa kila mtoto haki ya lishe ya msingi na huduma ya afya. Haki hiyo itamfikaje mtoto ikiwa mlezi wake haelewi anachoagizwa kliniki?

Wanakiswahili wenzangu, tasnifu zetu nyingi huchambua riwaya na mashairi, na ni vyema. Chama chetu na kitenge pia nafasi kwa utafiti wa lugha ya kliniki, kikishirikiana na wauguzi na wahudumu wa afya wa vijijini. Likizo ijayo, wanaotoka Taita Taveta waanze kwa kuwauliza mama na nyanya zao.