Shavu limevimba na haliumi? Hiyo si kazi ya antibayotiki

Wasee, mimi si daktari, na hata kampasi niliacha. Lakini hii tabia yetu ya kuamini kwamba kitu kisipouma hakina shida inatuponza, hasa kwa taya.

Binamu yangu alivimba nyuma ya taya la chini. Kwa sababu haikuuma, akawa ananunua antibayotiki duka la dawa, dozi tatu ndani ya mwaka. Sasa hiyo dawa ilikuwa inapigana na nani? Kuna vifuko vya majimaji, madaktari huviita sisti, ambavyo havianzi na viini wala jino bovu. Vinatokana na mabaki ya tishu zilizotengeneza meno yako. Kuna inayozingira kichwa cha jino ambalo halijatokea, mara nyingi gego la mwisho. Halafu kuna keratosisti. Hiyo ni janja: inatambaa ndani ya mfupa ikiula polepole, na uso unaweza kubaki fiti tu mpaka eksirei ikuonyeshe shimo.

Kwa hivyo shavu likikaa limevimba wiki kadhaa, ama gego la mwisho likikataa kutokea, ona daktari wa meno na uulize kuhusu eksirei ya taya lote. Na picha pekee haitoshi. Sisti hufanana kwa picha, na hata ameloblastoma, ambayo si sisti, inaweza kufanana nazo. Kipande lazima kiende maabara. Uliza jina la kilichopatikana, usitoke na "tumetoa uvimbe" tu. Hata WHO imewahi kubadilisha msimamo: 2005 iliweka keratosisti kwa kundi la tumori, 2017 ikairudisha kwa sisti.

Sisti ndogo hutolewa yote. Kubwa inaweza kufunguliwa kwanza na kuwekewa kijibomba ili inywee, taya lisivunjike na neva ya mdomo isiumie. Keratosisti lakini ina mazoea ya kurudi, hata baada ya miaka, ndiyo maana unaambiwa uendelee kukaguliwa. Ukiwa na zaidi ya moja ukiwa bado kijana, uliza kuhusu sindromu ya Gorlin, kwa sababu hiyo hurithiwa na inaweza kuleta saratani ya ngozi.

Shida yetu, nyuzi zikitolewa tumepotea. Naelewa, nauli na foleni si mchezo. Lakini kliniki nazo zituambie: kama naweza kupata SMS nikitumiwa shilingi kumi, mbona hakuna anayenikumbusha eksirei ya mwaka huu?